Simu Ambayo Arvid Hakuipiga

Arvid Sletten alikuwa mtu wa saa moja asubuhi. Kunyeshe, kukauke, awe mzima au kichwa kinamgonga, saa moja kamili utamwona anatoka mlango wa jikoni na buti zake, daftari kwapani, anakwenda nyuma ya nyumba kwenye kipima mvua. Anachungulia, anachovya kijiti, anasoma, anaandika. Akirudi ndani anaigonga kwa ukucha baromita, ile saa ya ukutani inayopima hewa, anaandika tena. Mwisho wa mwezi anatia karatasi zake katika bahasha na kuzipeleka kwenye ofisi ya hali ya hewa, mbali huko, kwa watu ambao hajapata kuwaona hata siku moja. Hakulipwa senti. Malipo yake yalikuwa heshima, na heshima Arvid alikuwa anaipenda, wee, acha tu.

Nisimseme kana kwamba sisi wengine hatuipendi. Lakini mtu ukiishi kwetu huku Montana, pale nyanda zinapokwisha na milima inapoanzia, riziki yako ni kondoo, na uhai wa kondoo uko mikononi mwa hewa. Majira ya baridi wanakula majani makavu huku nyandani. Aprili wananyolewa manyoya. Mei wanazaa. Juni wanapandishwa mlimani kwenye malisho ya chama, kila mwanachama na fungu lake, na asiye na fungu mlimani auze kondoo wake atafute kazi ya kuuza duka la mtu. Sasa katika watu wa namna hiyo, anayejua kesho kutakuwaje ni mkubwa kuliko tajiri. Arvid alijua hivyo. Hata ndevu zake, ndevu nyekundu zilizofika kifuani, alikuwa akizichanua kwa vidole kila anapoulizwa swali la mawingu, taratibu, watu wasubiri.

Kila mwezi wa Machi ile ofisi ilimpelekea karatasi moja yenye ramani: mwelekeo wa hali ya hewa wa majira ya machipuko, nyanda na milima. Arvid aliisoma mbele ya watu ukumbini, siku ya karamu ya chapati za maji, baada ya soseji na kabla ya watoto kuanza kukimbizana. Mwaka ninaousimulia, nyumba zote nane za bonde letu zilikuwa ukumbini, na Arvid akasimama, akakohoa, akavaa miwani.

"Nyandani," akasoma, "joto kupita kawaida. Mvua chini ya kawaida. Milimani, theluji kiasi, itayeyuka mapema."

"Haya, Profesa!" akapiga kelele Delmar Pruitt, jirani yake wa upande wa kusini, mtu wa mdomo, mashavu mekundu. "Mwaka juzi ulisema mvua, nikanunua koti la mpira. Mpaka leo nalivaa nikimwogesha mbwa tu!"

Watu wakaangua kicheko. Arvid naye akacheka, lakini masikio yalimwiva. Chini ya karatasi ile kulikuwa na mstari mmoja wa herufi ndogo uliosema kwamba hayo ni makadirio ya majira mazima, na kwamba dhoruba za ghafla za Aprili zinaweza kutokea wakati wowote. Ulikuwepo kila mwaka, maneno yaleyale. Na kila mwaka Arvid aliuruka, kama mtu anavyoyaruka maandishi ya nyuma ya chupa ya dawa. Aliona unaipunguzia karatasi nguvu, nao watu hawakutoka majumbani kuja kusikia pengine na labda.

Baada ya kusoma, ikapitishwa kofia ya zamu. Wanyoaji huja na mashine zao kutoka kusini, hawakai zaidi ya siku chache kwa kila bonde, na huja mara mbili, katikati ya Aprili na mwanzoni mwa Mei. Basi majina hutiwa katika kofia, mtu anachomoa tarehe yake. Verna Kostelka akachomoa tarehe kumi na sita Aprili.

Verna alikuwa mjane wa miaka sitini na mbili. Mumewe aliangukiwa na trekta miaka minne nyuma, na tangu hapo mama yule akaendesha mambo peke yake na mbwa mmoja: kondoo jike mia mbili na thelathini, wote na mimba. Mwanamke mkavu, maneno machache, mikono kama ya seremala. Akaitazama ile tarehe, akaja moja kwa moja mezani kwa Arvid mbele ya watu.

"Arvid, mimi tarehe hii siitaki. Mapema mno. Kondoo akishanyolewa ni kama mtoto aliyetoka kuoga. Delmar ana Mei, na anasema tukibadilishana yeye hana neno. Wasemaje?"

Hapo angeweza kumwambia badilisheni, yakaisha. Ingekuwa nusu sentensi. Lakini Delmar alikuwa pale nyuma anatabasamu, na ukumbi umenyamaza kumsikiliza mtu wa hewa.

"Mama Verna," akasema Arvid, vidole ndani ya ndevu, "usibadilishe kitu. Nyoa tarehe yako. Ukingoja Mei wanaanza kuzaa na manyoya bado yananing'inia, watoto wanatafuta titi wanalamba matope. Karatasi imesema joto."

"Karatasi imesema. Wewe je?"

"Mimi nakwambia hivi, na wote mnasikia. Theluji ya maana ikianguka nyandani baada ya tarehe kumi na sita, ndevu hizi nazinyoa hapahapa ukumbini. Na Delmar ndiye atashika mkasi!"

Ukumbi mzima ukapiga makofi. Delmar akapiga mluzi, akaomba mkasi uletwe kabisa uanze kunolewa. Verna hakucheka. Alimtazama Arvid kidogo, akatikisa kichwa kukubali, akasema, "Lakini ukiona kitu, utanipigia."

"Nikiona hata wingu la ukubwa wa soksi, nitakupigia."

Basi wanyoaji wakaja. Jua likawaka kama limelipwa. Kondoo wa Verna wakanyolewa tarehe kumi na sita, wa Arvid, sitini tu, kesho yake, na wote wakatoka weupe, wembamba, wanaona haya. Tarehe kumi na nane watu walivua makoti. Arvid alikwenda dukani bila shughuli yoyote, ili tu aonekane.

Tarehe kumi na tisa, saa moja asubuhi, akatoka na daftari lake, na kabla hajafika kwenye kipimo akasimama. Upepo ulikuwa umegeuka. Ulitoka mashariki. Watu wa huku hawahitaji karatasi kulielewa hilo: upepo wa mashariki unaisukuma hewa yenye maji ikagonge milima, na ikishagonga inarudi kutumwagikia sisi. Akarudi ndani mbio, akaigonga baromita. Mshale ukaanguka mbele ya macho yake. Akagonga tena, ukaanguka tena. Miaka kumi na tisa ya kuandika namba zile, alikuwa ameuona mshale ukienda chini hivyo mara mbili tu.

Cha kwanza alichofanya aliwaingiza kondoo wake bandani. Wote sitini, mbio mbio, mlango akaufunga kwa mnyororo. Naomba ulikumbuke hilo, maana yeye mwenyewe hakupata kulisahau.

Kisha akaenda kwenye simu. Siku hizo simu zetu zilikuwa za kuzungusha kwa mkono, waya mmoja nyumba nane. Kila nyumba na mlio wake. Wa Verna ulikuwa miwili mirefu, mmoja mfupi. Na mlio ukisikika, nyumba zote zinainua. Kila anayeinua anasikia, na kila anayesikia baadaye atakuapia kwamba alikuwa zizini. Arvid akainua kwanza kusikiliza kama waya una nafasi, na waya haukuwa na nafasi. Delmar alikuwa anaongea na mtu wa duka.

"Umeuona upepo?" anasema Delmar, anacheka mpaka anakohoa. "Mashariki! Nasikia Profesa amejifungia chooni na ndevu zake, wanaagana!"

"Mwache mwenzio, bwana. Ni manyunyu tu. Hata redio imesema manyunyu."

"Manyunyu au si manyunyu, mimi mkasi nimeshautia mafuta. Akipiga tu simu kusema amekosea, naja nao!"

Arvid akakiweka kiskizio chini polepole. Akijaribu sasa, aseme, "Verna, nilikosea, waingize," masikio manane yatakuwa yamebandikwa kwenye waya. Akajiambia angoje kidogo, wamalize maongezi. Halafu akajiambia pengine ni manyunyu kweli, redio si wajinga. Halafu akajiambia Verna ni mtu mzima, ana macho, upepo anauona. Kila alichojiambia alijua ni uongo wakati uleule anapojiambia.

Ragna, mkewe, akaingia na ndoo ya maziwa, pua nyekundu kwa baridi.

"Umempigia Verna?"

"Nimempigia."

"Amesemaje?"

"Amesema sawa."

Yalimtoka mdomoni kirahisi hivyo. Ragna akashusha pumzi, akasema, "Afadhali. Na mbwa mmoja yule, itamchukua saa mbili kuwafikisha nyumbani," akaanza kuchuja maziwa. Arvid akakaa mezani na kikombe cha kahawa mpaka ikapoa.

Saa nne mvua ikaanza, nzito, ya kulala, baridi yake inaingia mpaka kwenye meno. Hapo ndipo Arvid alipokurupuka, akazungusha simu bila kujali nani anasikia. Miwili mirefu, mmoja mfupi. Kimya. Akazungusha tena. Waya ulikuwa umekufa. Upepo ulikwishauangusha mahali. Akatoka akawasha gari, likafika darajani likazama kwenye matope mpaka ekseli. Akarudi kwa miguu ameloa chapachapa. Saa saba mvua ikageuka theluji, na theluji ile haikukoma mpaka usiku wa pili. Asubuhi zote mbili Arvid alitoka saa moja akapima. Inchi kumi na nane. Akaziandika.

Siku ya tatu jua likatoka la kuumiza macho, na bonde zima likaenda kwa Verna na makoleo.

Kondoo aliyenyolewa akipigwa na upepo hupeleka mgongo upande upepo unakotoka na kutembea. Hutembea mpaka akutane na kitu. Kondoo wa Verna walikutana na uzio wa kona ya magharibi, wakarundikana pale, wa nyuma wakapanda juu ya wa mbele, theluji ikawafunika. Watu walichimba tangu asubuhi mpaka mchana. Mia moja na arobaini na mmoja walikuwa wamekufa, na kila mmoja na mtoto tumboni. Delmar alichimba kuliko wote, jasho linamtiririka, na hakutaja ndevu hata mara moja. Arvid angetoa chochote azitaje.

Saa sita Ragna akaleta birika la kahawa na mikate. Verna alikuwa amepiga magoti kwenye majani makavu, kondoo mmoja hai amemlaza kifuani, anamsugua kwa gunia. Ragna akamvika koti mabegani, machozi yanamtoka.

"Ee Mungu wangu, Verna. Na Arvid alikupigia asubuhi ile! Nilishukuru kabisa nikajua umewahi."

Watu waliokuwa karibu wakainua vichwa. Verna akaacha kusugua. Akageuka akamtazama Arvid aliyesimama pale na koleo lake, akamtazama muda, macho makavu. Arvid akaona sasa inakuja, na kwa kweli alitaka ije.

"Ndiyo," akasema Verna. "Alinipigia. Nilichelewa mwenyewe."

Akarudi kumsugua kondoo wake.

Delmar akavua kofia, akajikuna kichwa, akasema kwa huzuni ya kweli, "Loo, mama. Ukiambiwa na Arvid, si unakimbia?" Na Arvid, mtu mzima wa miaka hamsini na nane, akainama akaendelea kuchota theluji kana kwamba hakusikia.

Nimeona watu wakiaibika: walevi, wezi wa kuku, bwana harusi mmoja aliyepitiwa na usingizi kanisani. Lakini aibu ya watu kukucheka ina mwisho wake. Wakichoka kucheka wanakwenda nyumbani. Ya Arvid ilikuwa ya kusifiwa. Wiki ile kila alipokwenda walimpa mkono. "Wewe ulifanya lako, bwana." "Umemwonya, asiposikia utafanya nini?" Kila mkono aliopewa alitamani kuukwepa, na kila mara aliupokea. Saa moja asubuhi alikwenda kwenye kipimo chake akiwa ameinamisha kichwa, asione upande wa nyumba ya Verna.

Kisha maneno yakaanza kugeuka, kama yanavyogeuka. Mjane amezeeka. Mjane anapigiwa simu saa moja, saa sita kondoo bado wako nje. Hapo ni nyandani karibu na nyumba, mlimani je? Mlimani kondoo wako wakitawanyika wanachanganyika na wa wenzako, na dubu hachagui ni wa nani. Jumamosi chama cha malisho kilikuwa na mkutano wa kugawa mafungu ya mlima. Alhamisi jioni Delmar akaja mpaka jikoni kwa Arvid, amevua kofia, hana utani.

"Sipendi jambo hili, Arvid. Verna ni mtu mwema. Lakini wanachama wanasema fungu lake tulishike sisi mwaka huu, mpaka tuone. Sasa yeye ni mkaidi, atabisha. Wewe ndiye uliyemwonya. Utasimama useme tu ilivyokuwa, basi. Ulimpigia saa ngapi?"

Ragna alikuwa anaosha vyombo. Arvid akasikia sauti yake mwenyewe inasema, "Saa moja na robo."

"Useme hivyohivyo," akasema Delmar, akamgonga begani, akaenda zake.

Bila fungu la mlima Verna alikuwa amekwisha. Kondoo themanini na tisa waliobaki angewalisha nini kiangazi kizima kwenye nyanda hizi kavu? Angeuza, na nyumba ingefuata. Na kila mtu bondeni angesema ni uzembe wake, naye asingesema kitu.

Ijumaa asubuhi kabla ya saa moja Ragna akamkuta mumewe amesimama mbele ya kioo, mkasi mkononi, nusu ya ndevu iko ndani ya beseni.

"Unafanya nini?"

"Niliahidi."

"Hakuna aliyekudai."

"Ragna." Akaushusha mkasi. "Sikumpigia."

Ragna hakuelewa mara moja. Alisimama na taulo lake, kisha uso ukaanza kumbadilika polepole.

"Hukumpigia nani?"

"Verna. Niliinua simu, nikamsikia Delmar ananicheka, nikaiweka. Nikakudanganya. Yeye amekudanganya pia, pale mbele ya watu. Sijui kwa nini amefanya hivyo. Kila siku najiuliza kwa nini, nashindwa."

"Hujui kwa nini?" Sauti ya Ragna ilikuwa ndogo. "Mumewe alipokufa nililala naye kitanda kimoja wiki mbili, kwa sababu alikuwa anaogopa kulala peke yake. Hakutaka nijue nimeolewa na mtu gani. Hiyo ndiyo sababu." Akatazama lile beseni. "Na wewe unanionyesha ndevu! Mwanamke amepoteza kondoo mia na arobaini, kesho wanamnyang'anya mlima, wewe umekaa hapa unajinyoa! Ungepiga simu ukazinyoa, zingeota tena kabla ya Krismasi, Arvid. Simu ile pale."

Waya ulikuwa umeshaungwa tena, na kulikuwa na mlio mmoja ambao haukuwa wa nyumba yoyote. Mrefu, usiokatika, unazungusha mkono mpaka bega linauma. Ulikuwa wa moto na wa mtoto aliyepotea, na ukiusikia unainua simu popote ulipo. Arvid akauzungusha, nusu ya uso ndevu, nusu ya uso tupu. Akasikia viskizio vinainuliwa kimoja kimoja, tik, tik, tik, pumzi za watu, mbwa wa mtu anabweka.

"Moto wapi?" Delmar akauliza. "Nani huyo? Semeni!"

"Ni mimi, Arvid. Hakuna moto. Nisikilizeni, msinikatize maana nikikatizwa sitamaliza. Asubuhi ya tarehe kumi na tisa sikumpigia Verna. Saa moja niliona baromita inaanguka, nikajua kinachokuja. Wangu niliwaingiza. Yeye sikumwambia. Nilishika simu nikasikia nachekwa, nikaona haya kusema nimekosea, nikaiweka. Hakuchelewa yeye. Alisema vile kunisitiri, nami nikamwacha asemwe wiki nzima. Na ile karatasi ya Machi ina mstari chini unaosema dhoruba zinaweza kuja. Upo kila mwaka. Huwa siwasomei. Basi. Ndiyo hayo."

Arvid alingoja matusi; angeyashika kama zawadi. Badala yake akasikia viskizio vinarudishwa, kimoja, kingine, kingine. Delmar alikuwa wa mwisho kati yao.

Waya ukabaki wazi. Mtu mmoja alikuwa bado yupo.

"Verna?"

"Nipo."

"Verna, mimi..."

"Asubuhi ile nilikaa kando ya simu," akasema Verna. Sauti yake haikuwa na hasira, ilikuwa imechoka. "Niliuona upepo kabla hakujapambazuka. Nikamfunga mbwa kamba ya kazi, nikavaa buti, nikakaa. Nikasema nikiwaingiza bure, Delmar atanicheka, na wewe utasema mama kikongwe haniamini. Nikasema Arvid anapima saa moja, saa moja na dakika tano atanipigia. Nikakaa mpaka waya ukafa. Kila dakika usiyopiga nilisema, basi, ni salama."

Arvid aliegemeza paji la uso ukutani, juu ya ile baromita. Alilia, na Verna alimsikia akilia, na hakumwambia anyamaze.

"Kesho ukishapima," akasema mwishowe, "nipigie."

Akakata.

Jumamosi mkutano ulikuwa mfupi. Delmar mwenyewe alisema fungu la mama libaki lilipo, na akaongeza kondoo jike kumi kutoka zizini mwake, bila hotuba. Arvid alikuwepo, uso mtupu, kidevu kidogo cheupe ambacho hakuna aliyekuwa amewahi kukiona. Hakuna aliyecheka. Machi iliyofuata karatasi ilipokuja alisoma mstari wa chini kwanza, akakaa.

Na kila siku, kuanzia Jumamosi ile asubuhi, alizungusha miwili mirefu na mmoja mfupi. "Upepo magharibi, mvua sifuri, mshale umesimama." Verna alisikiliza mpaka mwisho, akakata bila kusema neno. Hivyo kwa miaka kumi na mmoja, jua na theluji, hata siku alipozikwa Ragna. Nyumba nane zote zilijua saa hiyo waya ni wa nani, na hakuna aliyeinua. Ila Arvid mwenyewe alikuwa akifika kwenye simu saa moja kasorobo, anakaa pale na buti zake miguuni, mkono juu ya mpini, anangoja saa ifike, akapime, arudi apige.